Msimamizi kaniandikia: "Umekiona wapi?"

Assalaam alaykum Maalim,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasoma shahada ya Kiswahili katika chuo kimoja hapa Unguja. Kwetu ni Wete. Utafiti wangu ni juu ya mwanamke katika riwaya za Zanzibar, na nimetumia Utengano na Dunia Mti Mkavu za Said Ahmed Mohamed, na Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed. Zote tatu nimezisoma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, na uchambuzi wangu msimamizi hakuupinga. Kilichonikwamisha ni marejeleo.

Kazi imerudi imejaa wino mwekundu. Kila nilipoandika (Mohamed, 1980) yeye kaandika "Yupi? Kipi?" Kwenye orodha ya mwisho kaandika "APA gani hii?" (APA ndio mtindo wa kuandika marejeleo anaoutaka yeye) kwa sababu vitabu vyengine nimeweka mji wa mchapishaji na vyengine sikuweka. Mimi nimeiga kwenye tasnifu mbili za waliotutangulia: moja inaweka mji, nyengine haiweki, na zote zilipita. Kuna mwalimu mwengine anatutaka tutumie mtindo wa Harvard, huyu anataka APA, na nikiwauliza wenzangu tofauti ni nini, wananambia ni mikato tu na nukta.

Halafu kuna maneno ya mtaalamu mmoja nimeyatumia sura ya pili. Kitabu chake sikukipata, ila maneno nimeyakuta kwenye tasnifu ya mtu, PDF iliyokuwa ikizunguka kwenye grupu letu la WhatsApp, haina hata jalada. Nikayanukuu, na kitabu nikakitia kwenye orodha kama kawaida. Hapo msimamizi kaandika: "Umekiona wapi?"

Pia nimezungumza na bibi watatu kule kwetu kuhusu ndoa za zamani. Hao hawana kitabu wala mwaka, sasa nawaandika vipi? Na mwenzangu kanishauri orodha yote niipitishe kwenye programu ya akili mnemba initengenezee. Imenipangia vizuri sana, ila imeongeza vitabu viwili nisivyovijua. Nimeviacha, maana vinaonekana vya maana.

La mwisho, dogo: ile mistari ya pili inayoingia ndani kwenye orodha, watu wanaifanyaje? Mimi nabonyeza nafasi moja moja, na nikifungua kwenye kompyuta nyengine yote inavurugika.

Nisaidie Maalim, nimebakiwa na muda mchache.

Mwanafunzi wa Wete

JIBU

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu.

Umeniletea mambo mengi na yote umeyapa uzito mmoja, kumbe hayalingani hata kidogo. Mji wa mchapishaji unausahihisha kwa dakika chache ukiwa na kikombe cha chai mkononi. Lakini lile ulilolipita mbio katikati ya barua, la kitabu ambacho hukukiona, hilo linaweza kukupeleka mbele ya kamati ya chuo. Kwa hiyo naanza nalo, na mikato itasubiri.

Ukikitia kitabu kwenye orodha ya marejeleo, unamwambia msomaji kwamba umekifungua. Wewe umemwambia msimamizi wako hivyo, naye bila shaka anajua kitabu kile hakipatikani kirahisi, ndiyo maana akakuuliza swali la maneno mawili. Hakukuita mwizi. Kakupa nafasi ya kusema kweli kabla kazi haijafika kwa mtahini wa nje, ambaye hatakuuliza kwa upole huo.

Wewe umekaa chuoni mbele ya msahafu kabla hujakaa darasani skuli, kwa hiyo jambo hili unalijua kwa njia nyengine. Hadithi haisimami kwa maneno yake peke yake, ina isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Mpokezi akimruka yule aliyemsikia hasa, akajionesha kama kayapokea juu zaidi, wanazuoni wanauita mtindo huo tadlisi, na mapokezi yake yanatiwa shaka hata kama maneno yenyewe ni sahihi. Nukuu yako ya sura ya pili ina kasoro hiyohiyo. Huenda maneno ni ya yule mtaalamu, herufi kwa herufi. Lakini wewe umeyapokea kwa mwenye tasnifu, na yeye umemruka.

APA ina njia ya kulisema hilo bila aibu. Ndani ya matini unamtaja mtaalamu na mwaka wa kitabu chake, kisha unaandika "kama alivyonukuliwa katika", halafu jina la mwenye tasnifu, mwaka na ukurasa. Kwenye orodha ya mwisho unaiingiza tasnifu peke yake, kwa kuwa ndiyo uliyoishika. Kitabu cha mtaalamu kinatoka kwenye orodha. Nukuu moja mbili za namna hii katika kazi ya shahada ya kwanza hazina neno. Zikifika kumi, msomaji ataelewa kuwa umesoma tasnifu moja tu na kujipamba kwa marejeleo yake.

Sasa hiyo tasnifu yenyewe haina jalada, na huwezi kuandika "PDF ya kwenye grupu". Itafutie mwenyewe. Muulize aliyeituma kaipata wapi. Akiwa hajui, chukua sentensi moja isiyo ya kawaida kutoka ndani yake, ifunge kwa alama za kunukuu, uitafute kwenye intaneti. Vyuo vingi sasa vinaweka tasnifu zao kwenye hazina za mtandaoni na mara nyingi inajitokeza. Ukiipata, unaandika jina la mwandishi, mwaka, kichwa cha tasnifu kwa italiki, kisha kwenye mabano ya mraba aina yake (tasnifu ya uzamili, tasnifu ya uzamivu), na jina la chuo. Kama imo kwenye hazina ya mtandaoni, ongeza na anwani yake. Ukiikosa kabisa, ile nukuu iondoe. Uchambuzi wako hautaanguka kwa kukosa sentensi moja ya mtu mwengine.

Na vile vitabu viwili vya akili mnemba, vitoe leo, kabla ya kusoma aya inayofuata. Programu zile hupanga maneno kwa kukisia lipi linaelekea kufuata lipi. Zinaweza kukutajia mwandishi wa kweli, mchapishaji wa kweli, mwaka unaoingia akilini, na kitabu ambacho hakijawahi kuchapwa na mtu yeyote. Unasema vinaonekana vya maana: ndivyo vilivyotungwa vionekane. Ukitaka kuhakikisha, vitafute kwenye katalogi ya maktaba au kwenye tovuti ya mchapishaji. Ukivikuta huko, visome kwanza, ndipo uvitaje. Vyenginevyo "Umekiona wapi?" itarudi, na safari hii haitakuwa na jibu.

Sasa tuje kwa akina Mohamed, maana hapa msimamizi wako ana haki na wewe una udhuru. APA imetungwa na Wamarekani, watu wenye jina la ukoo. Sisi huku mtu ni jina lake, la baba yake na la babu yake, basi. Ukifuata kanuni ya jina la mwisho unajikuta unawaita waandishi kwa majina ya babu zao, na mababu wa Zanzibar wengi ni akina Mohamed, Ali, Juma na Khamis. Mimi sioni njia nyengine ila kuikubali kanuni: jina la mwisho lililoko kwenye jalada ndilo linalotangulia, na mengine yanabaki herufi za mwanzo. Lakini kanuni hiyohiyo imeweka na dawa yake. Waandishi wawili wakishirikiana jina la mwisho, herufi zao za mwanzo zinaingia na ndani ya matini, kila mara. Kwa hiyo mwandishi wa Nyota ya Rehema ni (M. S. Mohamed, 1976), na mwengine ni S. A. Mohamed. "Yupi?" imejibika.

Imebaki "Kipi?" Utengano na Dunia Mti Mkavu zote zimetoka 1980, na zote kwa Longman Kenya. Hapo unaugawa mwaka kwa herufi, ukifuata alfabeti ya vichwa vya vitabu: Dunia mti mkavu inakuwa 1980a, Utengano inakuwa 1980b. Ndani ya matini utaandika (S. A. Mohamed, 1980b), na ukinukuu neno kwa neno unaongeza "uk." na namba ya ukurasa. Katika orodha, kiingizo kamili kinakuwa hivi: Mohamed, S. A. (1980b). Utengano. Longman Kenya. Kichwa cha kitabu kinaandikwa kwa italiki, na kwenye orodha herufi kubwa ni ya neno la kwanza na majina ya pekee tu. Ndiyo maana "mti mkavu" inashuka kuwa herufi ndogo lakini "Rehema" inabaki na yake kubwa, kwa kuwa ni jina la mtu. M. S. anatangulia S. A. kwenye orodha.

Usidhani umemaliza, kwa sababu S. A. Mohamed huyohuyo ana jina jengine. Yeye ni mtaalamu wa fasihi pia, na maandishi yake ya kitaaluma ameyatoa kwa jina la Said A. M. Khamis. Ukitumia Outline of Swahili Literature, toleo la pili la 2009 lililotolewa na Brill, utamkuta ni mmoja wa waandishi wanne, pamoja na Elena Bertoncini Zúbková, Mikhail Gromov na Kyallo Wadi Wamitila. Katika orodha yako basi mtu mmoja atakaa sehemu mbili: kwenye Mohamed kwa riwaya zake, na ndani ya kiingizo cha Bertoncini Zúbková akiwa Khamis. Usijaribu kuyaunganisha. Fuata jalada, na ukiona msomaji atachanganyikiwa, weka sentensi moja kwenye sura ya kwanza ueleze kuwa ni mtu huyohuyo. Watahini wanapenda sentensi kama hiyo, maana inaonesha unajua unamsoma nani. Shafi Adam Shafi naye utamkuta kwenye majalada mengine akiwa Adam Shafi. Huyu bahati nzuri jina la mwisho halibadiliki, zinabadilika herufi za mwanzo tu.

Kitabu hicho cha waandishi wanne kinakupa na somo jengine dogo. Kazi yenye waandishi watatu au zaidi, ndani ya matini unamtaja wa kwanza na "na wenzake" tangu mara ya kwanza: (Bertoncini Zúbková na wenzake, 2009). Kwenye orodha unawataja wote.

Tukirudi kwa mji wa mchapishaji, tasnifu zako mbili zote ziko sawa, kila moja kwa zama zake. Mwongozo wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, ambacho ndicho APA, ulianza kwa makala ya kurasa saba mwaka 1929, na tangu hapo umekuwa ukitolewa upya. Toleo la sita, la 2009, lilitaka mji na nchi: Nairobi, Kenya: Longman Kenya. Toleo la saba lilitoka 2019, nalo likaufuta. Aliyeandika mji alifuata la sita, asiyeuandika alifuata la saba, na wewe umechanganya ya sita na ya saba kwenye ukurasa mmoja. Hiyo ndiyo maana ya "APA gani hii?" Kiulize chuo chako kinafuata toleo lipi. Kama mwongozo wa idara hausemi, nenda na la saba, ufute miji yote.

Harvard ni khabari nyengine. APA ina kitabu chake cha kanuni. Harvard haina kitabu kimoja. Ni jina la mtindo wa mwandishi na mwaka kwenye mabano, ambao asili yake hunasibishwa na makala ya 1881 ya Edward Laurens Mark, mtaalamu wa zuolojia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kila chuo kimejitengenezea Harvard yake, ndiyo maana ukitazama miongozo miwili unakuta mikato haikai pamoja. Mwalimu akikwambia "tumia Harvard", mwombe karatasi ya Harvard ya chuo chenu. Kazi hii lakini ina msimamizi mmoja na kataka APA, kwa hiyo yule mwengine mpe Harvard kwenye kazi za somo lake.

Jambo moja hukuliuliza lakini nadhani limo kwenye kazi yako, maana nimeliona kwa wengi: mwaka. Riwaya hizi zimepigwa chapa mara nyingi. Ukifungua ukurasa wa haki za mwandishi unakuta mwaka wa toleo la kwanza, na chini yake mlolongo wa miaka ya kuchapwa tena. Mwanafunzi anachukua mwaka wa mwisho, kwa kuwa uko karibu na jicho. Kuchapwa tena si toleo jipya. Mwaka unaoutaka ni wa toleo. Ukiona "toleo la pili" hapo ndipo unabadilisha. Na kama unasoma nakala ya toleo jengine, namba za kurasa zinaweza kuwa tofauti na za msimamizi wako. Angalia nakala uliyo nayo ni ipi kabla hujamwambia kakosea.

Bibi zako wa Wete sasa. Hapa nitakwenda taratibu, maana hata walimu wanatofautiana. Mtu uliyemuuliza jambo kwa simu, kwa barua pepe au kwa sauti ya WhatsApp, na msomaji hana njia ya kuyapata mazungumzo hayo, APA inamwita mawasiliano binafsi: anatajwa ndani ya matini tu, kwa jina, maneno "mawasiliano binafsi" na tarehe kamili, na kwenye orodha haingii. Wengi wanawatia hapo na washiriki wa utafiti wao. Si mahala pao. Kama bibi hawa uliwahoji kwa ajili ya utafiti, maneno yao ni data yako. Waelezee kwenye sura ya mbinu za utafiti: ni kina nani kwa umri na eneo, uliwahoji lini, uliwarekodi au uliandika. Kisha ndani ya uchambuzi unawanukuu kwa jina la badala, Bibi wa Kwanza, Bibi wa Pili, bila ya mabano ya mwaka. Jina la badala nakusisitizia. Wamekueleza mambo ya ndoa, Wete ni mji mdogo, na kazi yako ikiwekwa mtandaoni wajukuu zao wataisoma. Kama hukuwaomba idhini ya kuwatumia, wapigie simu hata leo jioni uiombe, na kwenye sura ya mbinu useme uliipata lini.

(Ingekuwa umesikiliza rikodi iliyohifadhiwa Nyaraka za Taifa pale Kilimani, mambo yangekuwa mengine: ile ina namba ya jalada, mtu anaweza kwenda kuiomba, kwa hiyo inaingia kwenye orodha.)

Kwa mada yako sitashangaa kama umetumia na kamusi na aya za Qur'ani. Kamusi isiyo na mwandishi mmoja inasimama kwa jina la taasisi: Baraza la Kiswahili la Zanzibar. (2010). Kamusi la Kiswahili fasaha. Oxford University Press. Mara ya kwanza ndani ya matini andika jina zima na BAKIZA kwenye mabano ya mraba, baadaye BAKIZA peke yake inatosha. Aya unaitaja kwa sura na namba ya aya, si kwa ukurasa. Lakini ukinukuu Kiswahili chake, sema tafsiri ni ya nani. Kama ni ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, Qurani Takatifu ya 1969, mtaje, kwa sababu maneno ya Kiswahili ni chaguo lake.

Kabla ya kuirudisha kazi, fanya ukaguzi mmoja wa kuchosha. Chapisha orodha kwenye karatasi, kisha pita sura zote, na kila mabano unayokutana nayo uweke tiki kwenye kiingizo chake. Mabano yasiyo na kiingizo, kitafute. Kiingizo kisicho na tiki, kifute, hata kama ulikisoma na kukipenda. APA haitaki ulichosoma, inataka ulichokitaja. Zotero, programu ya bure ya kupanga marejeleo, inaweza kukufanyia sehemu kubwa ya upangaji huu, ila inapanga kile ulichoiingizia: ukiandika "Said Ahmed" kwenye kisanduku cha jina la mwisho, itakuandikia hivyohivyo bila ya kuuliza.

Msimamizi wako mwandikie barua pepe fupi kabla hujampelekea kazi. Mwambie ile nukuu uliipata kwenye tasnifu, umeiandika upya inavyotakiwa au umeiondoa. Usisubiri aigundue.

Na ile mistari ya pili: acha kubonyeza nafasi. Kwenye Word chagua orodha yote, shika Ctrl ubonyeze T. Mstari wa kwanza unabaki ukingoni na mistari inayofuata inaingia ndani, na hata ukifungua kwenye kompyuta ya mwenzio haitavurugika.

Maalim